KUTAFUTA UGONJWA WA INJINI NI KAZI, ILIPWE



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo limeletwa mbele yetu mara nyingi na makanika wanaofanya kazi katika gereji za Lucky Summer, Baba Dogo na Kariobangi. Jambo lenyewe ni hili: gari huja gerejini taa ya injini ikiwa imewaka, mwenye gereji hutoa amri kitu fulani kibadilishwe, makanika hukibadilisha, baada ya siku mbili taa huwaka tena, na Jumamosi makanika hukatwa mshahara. Twasema tangu mwanzo kwamba hatukubali. Lakini hatutaki kupiga kelele bila kueleza, maana mwenye gereji hutujibu kwamba sisi twatetea watu wasiojua kazi. Basi tumechukua kisa kimoja tunachokijua vizuri, na tutakieleza mpaka ndani ya injini.

Mwanachama wetu mmoja, kijana anayekaa Lucky Summer, hufanya kazi katika gereji ambayo hatutaitaja. Siku moja aliletewa Toyota ya injini ya 1800. Dereva wake ni mtu wa teksi za kuitwa kwa simu, na gari si lake. Kila juma humpelekea mwenye gari hesabu yake, apate abiria asipate. Alieleza kwamba gari likisimama kwenye taa za barabarani hutetemeka kama mtu mwenye homa, na mara nyingine huzimika kabisa, lakini likishika mwendo huenda vizuri. Fundi wa kwanza aliyemwendea mahali pengine alifuta namba ya kosa katika kompyuta ya gari, akachukua pesa zake, na taa ikakaa kimya siku moja na nusu.

Mwenye gereji ya kijana wetu alitoa mashine yake ya kusomea makosa, ambayo huiweka ndani ya ofisi chini ya kufuli. Ikasoma P0014. Akatazama katika simu yake, akaona imeandikwa habari ya kamshafti ya ekzosi, akasema, "Valvu ya VVT imekwisha. Nenda Kirinyaga Road ukalete nyingine." Kijana akaenda, akarudi na valvu iliyotolewa katika gari kuukuu la Japani, akaifunga, namba ikafutwa. Shughuli yote haikufika hata nusu siku. Siku ya tatu dereva akarudi na taa yake, naye alikuwa amekasirika, na haki yake kukasirika. Mwenye gereji akamrudishia bei ya valvu mbele ya watu, akasifiwa kwa uungwana wake. Jumamosi akaikata pesa ile ile katika mshahara wa kijana: mshahara wa siku nne.

Hapa yafaa tueleze kitu hiki ni nini, kwa sababu hata baadhi ya wanachama wetu waliozoea injini za zamani hukiogopa, na mtu akikiogopa kitu hukibadilisha badala ya kukitazama.

Kila silinda ina valvu za kuingiza hewa na valvu za kutoa moshi. Valvu za moshi hufunguliwa na kamshafti ya ekzosi, nayo huzungushwa na cheni. Katika injini za zamani wakati wa kufungua na kufunga ulikuwa ni ule ule daima, gari likienda polepole au likipanda mlima. Katika injini za siku hizi giya iliyo kichwani mwa kamshafti ina vyumba ndani yake. Oili ikisukumwa upande mmoja wa vyumba hivyo, kamshafti husogea mbele kidogo kuliko cheni. Ikisukumwa upande wa pili, hurudi nyuma. Anayeamua oili iende upande gani ni valvu ndogo yenye koili ya umeme, nayo huamriwa na kompyuta. Watu wengi mtaani huiita sensa ya VVT. Si sensa hata kidogo. Sensa hutazama na kutoa habari. Valvu hii hupokea amri na kufanya kazi. Kosa hilo la jina limekula pesa nyingi za madereva, kwa sababu mtu huagiza sensa akaletewa valvu, au huagiza valvu akaletewa sensa, na zote mbili hufungwa ilimradi dukani hawarudishi.

Sasa, katika Toyota za namna hii kamshafti ya ekzosi injini inapowashwa hufungwa na pini mahali pa mbele kabisa. Ikiwa imekwama nyuma wakati injini inanguruma polepole, valvu za moshi huchelewa kufunga, na za hewa tayari zimekwisha anza kufunguka. Moshi uliokwisha ungua hubaki silindani na kuchanganyika na petroli mpya. Ndiyo ile homa aliyoisema dereva. Gari likienda kasi injini huvumilia, ndiyo sababu barabarani halikuwa na neno. Kwa hiyo dereva alikuwa amekwisha eleza nusu ya ugonjwa kwa mdomo wake, na hakuna aliyemsikiliza, maana mashine ilikuwa imesema.

Na je, mashine ilisema nini? Hapa ndipo twataka kila makanika aweke alama. P0013 na P0014 zimefuatana, lakini si ndugu. P0013 ni kosa la njia ya umeme ya valvu ile: waya umekatika, plagi ya waya imelegea au ina kutu, au koili ndani ya valvu imekufa. P0014 ni kusema kwamba kompyuta ilitoa amri, ikatazama, ikaona kamshafti ya ekzosi imekaa mbele kuliko ilivyoamriwa au haifuati amri sawasawa. P0015 ni kosa la kukaa nyuma mno. Basi namba hizi mbili za mwisho hazisemi kwamba valvu ni mbovu. Zasema kamshafti haikutii amri, na sababu yaweza kuwa valvu, yaweza kuwa oili, yaweza kuwa giya yenyewe, yaweza kuwa cheni iliyonyooka kwa uzee. Ikitokea P0017 pamoja nayo, yaani kamshafti na krenki hazipatani, cheni itazamwe mapema kabla ya kununua kitu chochote. Mashine imetuonyesha mlango wa kubisha tu.

Jumapili kijana alimwendea fundi mmoja mzee, jirani yake pale Lucky Summer, aliyefanya kazi ya injini miaka mingi na sasa macho yamepungua. Walimwita dereva aje na gari, wakaliweka mahali tambarare kando ya barabara, vumbi juu na moshi wa jaa la Dandora ukivuka mto. Mzee hakuuliza mashine. Aliuliza, "Kijana, umetazama oili?"

"Mzee, niliambiwa valvu."

"Nimekuuliza oili."

Akavuta kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini, nyeusi, nzito kama lami. Dereva akakiri kwamba safari iliyopita aliwekewa 20W-50 kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwamba kilomita alizokwenda tangu wakati huo hazihesabiki. Injini ile ilitengenezwa kwa oili nyepesi, za namna ya 0W-20 na 5W-30, ambazo hupita upesi katika vijitundu vyembamba. Kuna na jambo jingine dogo ambalo twaliona mara kwa mara: injini hiyo hutaka lita 4.2 pamoja na filta, na oili huuzwa katika galoni la lita 4. Mtu humimina galoni moja, akalitupa, akasema kazi imekwisha. Gari huanza safari likiwa na upungufu tangu siku ya kwanza, na injini iliyochoka ikila kidogo kila juma, alama ya chini haiko mbali. Kwa mtu aliyezoea injini za zamani upungufu huo si kitu. Kwa kamshafti inayosukumwa na oili, ni chakula chake.

Kisha wakaijaribu valvu mpya iliyokuwa imefungwa. Hii ni kazi ya dakika chache na vyombo vyake si vya ajabu. Chomoa plagi ya waya, weka mita katika ncha mbili za valvu: katika baridi ya kawaida ya nyuzi 20 yapasa isome kati ya omu 6.9 na 7.9. Ikisoma mbali na hapo, koili ni mbaya. Ikisoma sawa, fungua bolti yake, itoe, uipelekee moto wa bateri, waya wa chanya ncha moja na wa hasi ncha ya pili, kwa kitambo kifupi tu usije ukaiunguza, na utazame kijiti cha ndani kama chacheza na kurudi bila kusita. Valvu ile ilicheza vizuri. Wakatafuta ile ya zamani, ambayo kwa bahati dereva alikuwa ameiweka ndani ya buti. Nayo ilisoma vizuri. Nayo ilicheza vizuri. Ndugu, tafakarini jambo hilo: valvu nzima ilitolewa, valvu nzima ikawekwa, na mtu akakatwa mshahara wa siku nne kwa sababu ya valvu mbili nzima.

Ugonjwa waliukuta mahali pengine. Kabla ya oili kufika katika valvu hii, injini nyingi za Toyota huwa na kichujio kidogo cha wavu, chepesi, kidogo kuliko ncha ya kidole. Mahali pake si pamoja katika kila injini, na ndiyo sababu twasema kitabu cha injini ni chombo cha kazi kama spana. Walipokitoa walikuta kimezibwa na tope la oili, na ndani ya tope kuna vipande vya silikoni, ile dawa ya kuziba tunayoipaka badala ya gasketi. Fundi mmoja, hatumjui ni nani wala lini, alifungua kifuniko cha hedi akakirudisha kwa silikoni nyingi mno, iliyobaki ikaingia ndani na kusafiri na oili mpaka ikafika wavuni.

Walisafisha wavu, wakamwaga oili, wakabadilisha filta, wakatia oili nyepesi kwa kipimo chake chote. Kisha, kabla ya kufuta namba, wakafanya jaribio ambalo kila makanika alijue: injini ikinguruma polepole, ipelekee valvu moto wa bateri kwa kitambo. Ikitetemeka au kutaka kuzima, ujue oili yafika na kamshafti yasogea, yaani mambo ni mazima. Usipoona mabadiliko yoyote, kuna kitu kimekwama. Mara hii ilitetemeka mara moja, na walipoondoa waya ikatulia. Namba ikafutwa, na taa haikurudi. Dereva alilipa oili na filta, na mzee alimdai chai.

Sasa twarudi kwa mwenye gereji.

Yeye asema, kijana alifunga kitu kisichohitajika. Ni kweli. Lakini ni nani aliyetoa amri? Nani mwenye mashine, na nani mwenye ufunguo wa kabati? Kijana alipotaka kutazama zaidi aliambiwa gari jingine lasubiri. Katika gereji zetu nyingi makanika hulipwa kwa kitu alichofunga. Akifunga valvu, ana hesabu. Akikaa saa nzima anapima, anasoma, anatafuta waya uliokatika, mwisho akaukuta na kuuziba kwa kipande cha tepu, hana hesabu, kwa sababu hakuuza kitu. Kwa mpango huo fundi anayejua kazi hula kidogo kuliko fundi anayebahatisha. Halafu mabwana hawa hushangaa kwa nini watu wao hubahatisha!

Juu ya kukata mshahara, sheria haikunyamaza. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali iliyo mikononi mwake ikiwa hasara hiyo imeletwa na mfanya kazi kwa makusudi. Kwa makusudi, ndugu. Kutii amri ya kubadilisha valvu si makusudi ya kuharibu. Na hata pale makato yanaporuhusiwa, jumla yake kwa mara moja haiwezi kupita thuluthi mbili za mshahara. Kuna wanachama wanaotuambia, sisi hatuna karatasi ya ajira, sheria haituhusu. Si kweli. Sheria hiyo yahusu mapatano ya mdomo kama yahusuvyo ya maandishi. Tofauti ni kwamba asiye na karatasi ana kazi kubwa zaidi ya kuthibitisha, kwa hiyo twawaomba mwandike katika daftari zenu tarehe, gari, kazi mliyoagizwa, na pesa iliyokatwa. Afisa wa kazi hawezi kusoma kilicho moyoni mwako.

Hata hivyo tusijifanye malaika. Ile silikoni haikumwagwa na mwenye gereji. Ilimwagwa na mkono wa fundi mwenzetu. Tena twajua wako makanika ambao duka la spea huwatupia kitu kidogo kwa kila mteja wanayemleta, nao hawana haraka ya kugundua kwamba ugonjwa ni oili. Tabia hiyo yatuharibia. Dereva akidanganywa mara mbili huanza kumwona kila mwenye ovaroli kuwa mwizi, na siku tutakapodai malipo ya haki kwa kazi ya kupima, atacheka. Yafaa pia tukumbuke dereva huyu ni nani. Si tajiri. Gari likilala gerejini siku tatu, hesabu ya mwenye gari haikulala. Miaka ya mwisho ya 1940, Fred Kubai na wenzake walipounganisha watu wa motokaa hapa Nairobi, madereva na makanika walikuwa katika chama kimoja. Na Kubai alipokamatwa pamoja na Makhan Singh mwezi wa Mei 1950, mgomo uliofuata haukuuliza nani ashika usukani na nani ashika spana. Leo tumegawanyika mpaka dereva na fundi huviziana kando ya gari moja.

Kwa hiyo twadai haya kwa wenye gereji. Kazi ya kutafuta ugonjwa iandikwe katika karatasi ya mteja, kwa bei yake, kabla ya kitu chochote kununuliwa, na makanika apate sehemu yake hata kama ugonjwa umekutwa katika waya wa shilingi ishirini. Mashine ya kusomea itoke kabatini, ikae mahali pa kazi, na mita pamoja nayo. Mwenye gereji akiamuru kitu kibadilishwe bila kupimwa, hasara ni yake. Na kijana anayetaka kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia gredi ya tatu, apewe siku za kwenda bila kutishwa kwamba atakuta nafasi yake imechukuliwa. Twasikia jibu lao tayari: wateja hawatakubali kulipia kutazamwa. Mbona hospitalini hulipa kumwona daktari kabla ya dawa? Dereva wetu angelipa saa moja ya kupimwa kwa furaha kuliko kulipa mara mbili na kulala bila gari. Tulimwuliza, na ndivyo alivyosema.

Wale wanachama walio na gereji zao ndogo chini ya mti nao wasifikiri maneno haya hayawahusu. Mnao wanagenzi. Mwanagenzi asiyefundishwa kuvuta kijiti cha oili kabla ya kushika spana atakuwa na ovaroli chafu na mikono mitupu.

Habari za kijana wetu ni hizi. Tulikwenda pamoja naye kwa mwenye gereji, tukiwa na valvu zote mbili mkononi na mita, tukazipima mbele yake juu ya meza yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema atarudisha nusu ya pesa. Ile nusu ameirudisha. Nusu ya pili bado twaidai, na barua ya kwenda kwa afisa wa kazi imekwisha andikwa. Itapelekwa Jumatatu kama Jumamosi hii itapita bure.